Herufi za Mkono

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha brashi za baba. Nilivua sare, nikavaa gauni langu kuukuu lenye madoa ya rangi, nikachuchumaa uani mbele ya makopo matatu. La kwanza lilikuwa la tapentaini iliyokwisha chafuka, la pili la tapentaini safi, na la tatu la maji ya sabuni. Kila brashi ilipita kote huko mpaka nywele zake zikawa laini, kisha niliisokota ncha kwa vidole na kuilaza juu ya kitambaa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Leo mimi ni mtu mzima, lakini nikipita mahali nikasikia harufu ya tapentaini, miguu inasimama yenyewe.

Baba alikuwa fundi wa kuandika mabango. Wakati huo mji wetu uliandikwa kwa mkono: maduka, vinyozi, magari ya mizigo, kuta za shule, hata milango ya ofisi. Na sehemu kubwa ilikuwa kazi yake. Watu walimwita Mkono, kwa sababu mkono wake haukujua kutetemeka. Alisimama juu ya ngazi, akavuta mstari mrefu kuliko mimi bila rula, na wewe ukienda kuupima baadaye kwa rula, unarudi umenyamaza. Mimi aliniita Sisimizi. Nilikuwa mdogo wa umbo na sikutulia mahali pamoja.

Kabla ya kupaka rangi, baba alichora herufi zake kwenye karatasi kubwa za kaki. Kisha alitoboa vitundu kwa pini kufuata kingo za kila herufi. Alipofika kazini, aliiweka karatasi juu ya ubao na kuipigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa. Akiiondoa, herufi zilibaki pale kwa vidoa vidogo vyeusi, zikisubiri rangi. Karatasi hizo, kuanzia A mpaka Z, kubwa na ndogo, pamoja na namba zake, alizikunja na kuziweka juu ya kabati. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa kwa mikono yenye mafuta.

Nikimaliza brashi, nilikimbilia ukumbi wa jamii. Pale palikuwa na kompyuta nane za zamani, moja ikiwa haina kitufe cha herufi M, ikabidi tuweke kipande cha mpira wa kandambili. Mwalimu wetu alikuwa dada mmoja kijana mwenye miwani mikubwa iliyoteremka puani kila alipocheka. Tulimwita Dada Miwani, naye aliitika. Alitufundisha kutengeneza kurasa za tovuti: jinsi ya kupanga maneno, kuweka picha, kuchagua rangi zisizoumiza macho.

Siku moja mwenzetu mmoja alimwuliza, "Dada, programu zote hizi umezinunua wapi?"

"Sikuzinunua. Ni programu huria. Nimezipakua mtandaoni bure."

"Kwani wenyewe hawajui kama tumezichukua?"

Tulicheka sana. Dada Miwani naye akacheka, akaisukuma miwani juu.

"Wanajua, na wanafurahi," alisema. "Watu walikaa chini, wakaandika programu ya kuchora, ya kutengeneza picha, ya kujenga tovuti. Kisha kwa hiari yao wakasema: chukua, tumia, fungua uone ilivyoundwa ndani, rekebisha, mpe na mwenzako. Tazameni hapa." Akabofya, na orodha ndefu ya majina ikajitokeza. "Hawa ndio waliofanya kazi. Hata aliyesahihisha kosa moja dogo, jina lake limo."

Halafu akatuambia kwamba na sisi tungetoa. Kila mmoja wetu atengeneze kitu kimoja cha kuwafaa watengenezaji wa tovuti, kisha tukiweke mtandaoni ili yeyote akitumie bure. Wengine walichagua kuchora alama ndogo ndogo: nyumba, bahasha, simu. Wengine walitaka picha za mandhari. Mimi nilirudi nyumbani nikifikiri, macho yakaenda juu ya kabati.

Baba na mama hawakuwepo. Nilinawa mikono mara mbili, nikazishusha zile karatasi, nikazipiga picha moja moja kwa simu ya mama aliyoiacha mezani. Kisha nikazirudisha kama zilivyokuwa.

Kwa wiki sita nilikaa mbele ya kompyuta nikizifuata herufi za baba kwa kipanya, nukta kwa nukta. Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Tumbo la S lilinitoa jasho. Nikilivuta huku, linavimba kule. Nilijifunza kwamba O ikilingana kimo na H huonekana fupi, kwa hiyo baba aliizidisha kidogo juu na chini bila mtu kujua. Nilipomaliza, ungeweza kuandika neno lolote kwenye kompyuta likatoka kwa mwandiko wa baba. Ilikuwa fonti kamili.

Dada Miwani aliinama karibu na skrini, akazipitia moja moja.

"Sisimizi," alisema, "herufi hizi zina roho. Umezichora wewe mwenyewe?"

Pale ndipo nilipopotea. Ningeweza kusema, "Ni za baba." Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini wenzangu wote walikuwa wamesimama nyuma yangu, na hakuna aliyewahi kuniangalia vile.

"Ndiyo," nikajibu. "Ni zangu."

Tulizipakia kwenye tovuti ambako watu hugawana fonti bure. Penye nafasi ya jina la mchoraji, niliandika Sisimizi. Kila siku nilikwenda kutazama waliozipakua wamefika wangapi. Tisa. Arobaini. Mia moja na kitu. Kichwa kilinivimba. Nilijiambia kwamba nitamshangaza baba siku moja, lakini ukweli niliujua. Nikimwonyesha, ataangalia lile jina.

*

Jumamosi moja alasiri baba alirudi kutoka kazini akaiegemeza ngazi ukutani, akaketi bila kunawa. Mama alimletea chai. Hakuigusa.

"Mbona umepoa hivyo?" mama aliuliza.

"Nimepita duka la dawa," alisema baba. "Ule ubao niliowaandikia wameushusha. Wameweka turubai lililochapishwa na mashine."

"Si ndivyo wanavyofanya wote siku hizi? Usivunjike moyo."

"Siyo hilo, mama watoto. Mashine nimeizoea. Lakini herufi za lile turubai ni zangu. K yangu, ile ambayo mikono yake haigusi nguzo. Tumbo langu la S. Nimesimama pale kama mwehu, nasoma mkono wangu mwenyewe, na sikuuandika mimi."

Nilikuwa nimeshika brashi uani. Iliniponyoka ikaangukia kopo la sabuni.

"Karatasi zako zimetoka lini humu ndani?" mama akauliza.

Baba alifikiri. "Mara moja tu. Kipara aliziazima wakati wa mvua, alipokuwa anaandika ukuta wa shule."

Kipara alikuwa fundi mwenzake na rafiki yake. Mimi nilimwita baba mdogo. Kwa miaka kumi na minane walikuwa wakibeba ngazi moja pamoja, huyu mbele, yule nyuma, na kila Jumapili asubuhi alikuja kwetu kunywa chai na kututania.

Jumapili ile alikuja kama kawaida. "Hodi! Shemeji, leo umenipikia au umenisahau?"

Baba hakucheka. Alimwambia aliyoyaona, kisha akamwuliza, "Zile karatasi ulizoazima, ulimpa nani?"

"Sikumpa mtu."

"Basi zimefikaje kwa mchapaji?"

Kipara aliweka kikombe chini polepole. "Mkono, unaniuliza au umekwisha nihukumu?"

"Nakuuliza. Hazijawahi kushikwa na mtu mwingine yeyote."

"Miaka kumi na minane," alisema Kipara. "Sijawahi kurudi nyumbani na hata brashi yako iliyokatika." Akasimama, akavaa kofia yake, akamuaga mama kwa heshima na kutoka. Chai yake ilikuwa nusu.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Kila neno nililisikia. Na bado nilinyamaza.

Siku iliyofuata nilikuwa natoka shule nilipomwona baba barabarani. Alikuwa na kazi ya ukuta mrefu, kazi ya watu wawili. Alikuwa ameibeba ngazi peke yake begani, kopo la rangi mkono huu na mfuko wa brashi mkono ule. Ncha ya nyuma ya ngazi ilikuwa inaburuta chini, ikichora mstari vumbini. Watu walimpisha. Kwa mara ya kwanza nilimwona baba yangu amezeeka.

Nilikimbia nikainyanyua ile ncha. Alihisi uzito umepungua, akageuka haraka. Nadhani alitarajia kumwona mtu mwingine.

"Baba," nilisema, "siyo baba mdogo. Ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikamwambia yote, mbio mbio, machozi yakinidondoka juu ya sare. Karatasi, simu ya mama, wiki sita, lile jina nililoliandika. Baba aliitua ngazi, akaketi juu yake kando ya barabara.

"Kwa nini hukuniomba?" aliuliza mwishowe.

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa?"

"Sijui, baba."

"Hata mimi sijui. Hukunipa nafasi ya kujua." Alijifuta uso kwa kitambaa chake cha rangi. "Lakini hilo la herufi tutalizungumza baadaye. Jana nimemwita mtu mwizi ndani ya nyumba yangu, mbele ya mke wangu. Nawe ulikuwa unasikia."

Akainuka, akaokota kopo la rangi.

"Shika ngazi," alisema. "Tunakwenda kwa Kipara."

*

Kipara alikuwa barazani kwake akinoa kisu cha kukwangulia rangi. Alituona akaendelea kunoa.

Baba alizungumza kwanza. "Ndugu yangu, nimekukosea. Nilisema kabla ya kujua. Nisamehe."

Kisha akanisukuma kidogo mbele. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza bila kunikatiza, na kisu kikasimama.

"Na namba?" aliuliza. "Namba pia umeziweka humo?"

"Ndiyo, baba mdogo. Zote."

Baba akashika kichwa. "Loo! Namba si zangu, Sisimizi. Namba alichora Kipara. Mimi namba zimenishinda tangu zamani."

Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe nilikuwa nimechukua kwa watu wawili, na mmoja sikujua hata kama yumo.

Kipara alinitazama. Halafu bega lake likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka. "Yaani nane yangu imefika ng'ambo, na mimi sijawahi hata kupanda ndege!" Alipomaliza kucheka, sura yake ikatulia. "Lakini mwanangu, jana sikulala vizuri. Ujue hilo."

"Najua, baba mdogo."

"Basi inuka. Na wewe Mkono, utaubeba huo ukuta peke yako mpaka lini? Ngoja nichukue kofia."

Kabla ya kwenda ukutani tulipita ukumbini, wote watatu. Nilimwambia Dada Miwani mbele ya wenzangu kwamba nilidanganya. Ilikuwa vigumu kuliko kule barabarani. Dada Miwani hakunikaripia. Aliwakaribisha wazee viti, akawaeleza jinsi mambo yalivyo.

"Tunaweza kuziondoa sasa hivi, mzee," alimwambia baba. "Lakini sitaki kukuficha. Watu mia tatu na kumi na mbili wamekwisha kuzipakua. Hizo hatuwezi kuzirudisha. Na yule mchapaji wa duka la dawa hana kosa. Aliambiwa ni bure kwa wote, akaamini. Kosa jingine ni langu. Nilipaswa kuuliza zaidi ya mara moja."

Baba alikivuta kiti karibu na skrini. Aliomba aone herufi zake. Dada Miwani akaandika sentensi ndefu, na baba akaitazama kama mtu anayejitazama kwenye kioo cha jirani.

"Huyu mtoto ana subira," alisema polepole. "Hapa kwenye S amenikaribia sana." Kisha akauliza, "Na hiyo programu aliyochorea, ni ya nani?"

Dada Miwani akamwonyesha ile orodha ya majina. Baba hakuwa msomaji wa haraka. Aliyasoma moja moja, akisogeza midomo, huku Kipara akisoma juu ya bega lake.

"Hawa wote wametoa kazi yao bure?"

"Wote, mzee."

"Na kila mmoja ametajwa."

"Ndiyo. Ruhusa yao ina sharti hilo. Fanya utakalo, lakini usiyafute majina ya waliokutangulia."

Baba na Kipara wakatazamana. Wale waliobeba ngazi pamoja miaka mingi hawahitaji maneno mengi.

"Ziache," alisema baba. "Ziache huko huko. Ila andika upya. Herufi, Mkono. Namba, Kipara."

"Na K," nikauliza, "kwa nini haigusi nguzo?"

Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee, mkono umeanza kumcheza. Alipofika hapo alikuwa ananyanyua brashi mapema ili asiharibu. Mimi nikaona inapendeza, nikaichukua. Sikuwahi kumwambia mtu." Akamgeukia Dada Miwani. "Mwandike na yeye. Andika: K, mwalimu wa Mkono."

"Na Sisimizi tumfute?" Kipara aliuliza, akinikonyeza.

"Hapana," alisema Dada Miwani. "Alizipeleka kwenye kompyuta, na hiyo nayo ni kazi. Tutaandika hivyo hivyo ilivyokuwa."

Nililiona jina langu likishuka mpaka mstari wa mwisho. Ajabu ni kwamba nilipumua. Tangu siku ile ya uongo sikuwahi kulitazama bila kugeuza macho.

*

Miezi mitatu baadaye ilikuja barua pepe. Aliyeandika alikuwa mwalimu wa shule katika nchi ya mbali, aliyekuwa anatengeneza tovuti ya hadithi kwa ajili ya wanafunzi wake. Alisema amezipenda herufi zetu, lakini lugha yao ina herufi moja ambayo sisi hatukuwa nayo: n yenye mkia, ya kuandikia sauti ambayo sisi tunaiandika ng'. Kwa kuwa fonti ilikuwa huria, aliifungua akaichora mwenyewe. Sasa alikuwa anaturudishia, kama tutapenda kuiongeza. Alimwandikia Mkono salamu zake, kwa heshima.

Niliichapisha barua nikampelekea baba uani. Aliisoma mara mbili. Kisha akaitazama ile herufi akaigeuza huku na huku.

"Moyo wake mzuri," alisema, "lakini mkia huu unakwenda kama unamkimbia mtu. Niletee karatasi ya kaki."

Alichora pale pale, amepiga goti, herufi ambayo hakuwahi kuiandika maishani mwake, ya lugha ambayo hakuijua hata neno moja. Alifuta mara nne. Mara ya tano mkia ulishuka, ukazunguka taratibu, ukatulia. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, tayari kuandika chini yake nani amechora.

"Niandike Mkono?" nikauliza.

Baba aliketi juu ya kigoda akanitazama. Rangi ilikuwa imekaukia kwenye mikunjo ya vidole vyake.

"Sikiliza, mwanangu. Siku ile hukunikosea kwa kuwapa watu herufi. Kutoa ni kuzuri, nami nimefurahi kutoa. Ulinikosea kwa kutoa kisicho chako, kisha ukasema ni chako. Kitu cha bure kina mwenyewe. Kimekuwa bure kwa sababu mwenyewe amefungua mkono. Ukichukua, mshukuru kwa kumtaja, na ukitaka kutoa cha mtu, muulize kwanza. Ukifanya hivyo utatumia vya watu wote duniani, na hutamkwepa mtu macho."

"Ndiyo, baba."

"Haya, andika. Mwalimu wa watu ndiye aliyeanza. Mimi nimenyoosha mkia tu. Jina lake liwe la kwanza."

Nikaandika.